Kupima ulevi wa madereva kabla gari halijatoka yadi

Dereva mlevi anayenaswa barabarani ameshaendesha tayari. Trafiki akimshika Chalinze, maana yake ametoka Dar na abiria wake wote hali akiwa na pombe kichwani, na mtu wa mwisho aliyeweza kumzuia ni yule aliyemkabidhi funguo. Mwongozo huu ni wa huyo mtu: msimamizi wa yadi ya mabasi, dispatcha wa malori, katibu wa sacco ya matatu, mwalimu mkuu mwenye gari la wanafunzi, hata mwenye fuso mbili anayeziandikia safari kwenye daftari.

Sheria kwanza, kwa ufupi

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamruhusu dereva wa kawaida kufikia miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Dereva wa gari la biashara haruhusiwi chochote: kikomo chake ni sifuri. Wenye magari wengi wanaijua ile 80 na kuisahau hii sifuri, halafu wanashangaa dereva wao anaposhushwa stendi kwa kipimo ambacho mwenye gari binafsi angepita nacho.

Kenya, Kanuni za Kipima Ulevi za mwaka 2011 zinataja mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, au miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Hizo ni njia tatu za kutaja kiwango kimoja. Adhabu yenyewe inatoka kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403: faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili au vyote viwili, na leseni kufungiwa miezi 12.

Kuna jambo la Kenya ambalo msimamizi yeyote, hata wa Mwanza au Mbeya, anafaa kulijua. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilibatilisha kosa lililokuwa limetungwa na zile kanuni za 2011. Sheria mama inamzungumzia mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni zenyewe zilimtia hatiani mtu kwa namba ya mashine peke yake. Majaji wakasema kanuni haiwezi kuzaa kosa tofauti na lile lililomo kwenye sheria. Mashine hazikupigwa marufuku, ila ilidhihirika kwamba namba inahitaji ushahidi wa kuisindikiza. Ndiyo maana fomu tunayoieleza hapa chini ina nafasi ya kuandika dalili alizoonyesha dereva.

Ile 80 si namba ya usalama. Ndiyo iliyowekwa Uingereza mwaka 1967, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50 kwa madereva wote na 20 kwa wageni wa usukani. Mtu mwenye 50 tayari anachelewa kukanyaga breki na anashindwa kugawa macho kati ya kioo cha pembeni na barabara. Akifika 100, uwezekano wake wa kupata ajali unakadiriwa kuwa karibu mara tano ya ule wa mtu asiyekunywa. Kwa hiyo yadi yako iwe na kikomo kimoja tu, sifuri, kwa kila anayeshika usukani. Hata lori likivuka Tunduma, Namanga au Rusumo, sifuri haikuhitaji ujue sheria ya upande wa pili inasemaje.

Hesabu ya usiku mmoja

Tatizo kubwa la yadi si dereva anayekuja akiyumba. Huyo hata mlinzi wa getini anamwona. Tatizo ni aliyekunywa jana, akalala, akaoga, akapiga mswaki, na anaapa kwa mama yake kwamba yuko safi. Mara nyingi haongopi. Ndivyo anavyojisikia kweli.

Gramu za pombe kwenye chupa zinapatikana hivi: mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina gramu 16.6. Kilimanjaro ya mililita 500 yenye 4.5 ina karibu gramu 17.8. Safari ya ujazo huohuo yenye 5.5 ina gramu 21.7. Konyagi ya asilimia 35 kwenye kichupa cha mililita 200 inabeba gramu 55, yaani zaidi ya Safari mbili na nusu ndani ya chombo kinachoingia mfuko wa shati. Mnazi, ulanzi, mbege na gongo havina lebo, na nguvu yake hubadilika kadiri vinavyokaa. Usijaribu kuvikadiria.

Sasa chukua dereva wa kilo 75. Ameanza kunywa saa 1 jioni, ameacha saa 5 usiku, amemaliza Safari tano: gramu 108.5. Kwa mwanamume, zidisha uzito kwa 0.68 (kwa mwanamke ni 0.55, ndiyo maana bia zilezile humpandisha zaidi). Kilo 75 mara 0.68 ni 51. Gawa 108.5 kwa 51, unapata 2.13, yaani karibu miligramu 213 katika mililita 100 za damu kama zote zingeingia kwa mkupuo. Ini linapunguza takriban miligramu 15 kwa saa, kuanzia aanze kunywa. Saa 10 alfajiri, anapofika yadi, zimepita saa tisa: 135 zimeondoka, 78 zimebaki.

Huyo mtu, aliyelala kwa muda wa saa nne na kuoga maji ya baridi, yuko ukingoni mwa kikomo cha gari binafsi, na kwa basi yuko mbali kabisa na sheria. Sifuri ataifikia mnamo saa 3 asubuhi, wakati gari lake limeshapita Morogoro.

Hesabu hii ni makadirio. Kuna watu ambao ini lao huondoa 10 tu kwa saa na wengine 20 au zaidi, na chakula tumboni huchelewesha pombe kuingia damuni. Usiitumie kumruhusu mtu. Itumie kuwafundisha madereva, mmoja mmoja au kikaoni, kwa chupa wanazozijua na kwa saa zao za kuripoti. Kahawa, supu ya pweza, ndimu, kukimbia uwanjani, kutapika na kuoga havimharakishi ini hata kidogo. Kutoa loki, yaani ile bia moja ya asubuhi ya kuondoa uchovu wa jana, inaongeza saa nyingine. Kanuni ambayo yadi inaweza kuiandika ukutani ni rahisi: mwenye zamu ya alfajiri hanywi siku inayotangulia. Saa nane za kukaa bila pombe, ambazo wengi huzitaja, hazimtoshi mtu wa bia tano. Kwa hesabu ileile, saa nane baada ya chupa ya mwisho dereva wetu bado angebaki na 33.

Kuchagua kifaa

Madukani utakuta aina mbili za vipima ulevi vya pumzi. Vile vya bei rahisi, vinavyoning'inizwa kwenye funguo, vina sensa ya semikondakta. Hivi hupandishwa na moshi wa sigara, harufu ya petroli na asetoni kwenye pumzi ya mgonjwa wa kisukari au mtu aliyefunga kula muda mrefu. Usahihi wake huhama baada ya miezi michache bila kukuarifu. Visiwepo yadi kabisa, kwa sababu siku ya kwanza kitakapomsingizia dereva asiyekunywa, kazi yote ya kupima imekufa.

Nunua chenye sensa ya kielektrokemia. Ndani yake kuna kipande chenye platini. Pombe iliyomo kwenye pumzi inaunguzwa hapo na kutoa umeme kidogo, na kifaa kinasoma wingi wa umeme huo. Asetoni hakiijali. Kabla ya kulipa, uliza mambo haya: kinaonyesha vipimo gani, kinahesabu vipimo vilivyokwisha kufanyika na kuvihifadhi pamoja na saa, mirija yake ya kupulizia inapatikana nchini, na nani hapa nchini anaweza kukikalibresha, yaani kukihakiki na kukirekebisha kisome sawasawa. Swali la mwisho ndilo wengi hulisahau. Kifaa kizuri kinachotakiwa kurudi Ulaya kila baada ya miezi sita kitaishia kwenye droo.

Angalia pia kipimo kinavyoandikwa kwenye skrini, maana hapa watu wameumbuka. Kuna vifaa vinavyoandika miligramu kwa lita ya pumzi, vingine mikrogramu kwa mililita 100 za pumzi, vingine asilimia ya pombe kwenye damu. Miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi ni sawa na mikrogramu 35 kwa mililita 100, na ndiyo miligramu 80 kwenye damu ikiwa unazidisha pumzi kwa 2300 (makadirio ya pombe ya damu ni mara ngapi ya ile ya pumzi). Vifaa vingi vinavyoonyesha asilimia ya damu huzidisha kwa 2100, kwa hiyo pumzi ileile itasomeka 0.073 au 0.074 badala ya 0.080. Kwa yadi ya sifuri tofauti hiyo haina uzito, lakini siku dereva wako atakapopimwa na polisi dakika kumi baadaye na namba zisifanane, utahitaji kujua kwa nini. Chagua kipimo kimoja, kiandike kwa kalamu nzito mgongoni mwa kifaa, na fomu zote zitumie hicho.

Kwa yadi yenye madereva zaidi ya kumi, kuwa na vifaa viwili vya aina moja. Kimoja kikienda kukalibreshwa au betri ikizima alfajiri, kazi haisimami. Mirija ya kupulizia ni ya mtu mmoja, mara moja. Kuifuta kwa kitambaa ili itumike tena ni uchafu, na madereva watagoma, na watakuwa na haki. Baadhi ya vifaa vina kikombe cha kupuliza kwa mbali bila mrija, ambacho hujibu tu “ipo” au “haipo”. Kinafaa kuwapitisha watu wengi haraka, kisha yule aliyeonyesha “ipo” anawekewa mrija.

Mahali na namna ya kupima

Pima kabla ya funguo, karatasi za safari na fedha za mafuta kukabidhiwa. Ukipima baada ya hapo, dereva tayari ameshakaa kitini na kumshusha ni ugomvi. Mahali pawe na hewa, mbali na pampu ya mafuta, mbali na chupa ya kitakasa mikono. Hiki cha mwisho kimeleta kelele nyingi: mpimaji anapaka kitakasa chenye pombe, anashika kifaa mikono ikiwa bado mibichi, mvuke unaingia, na mzee wa msikitini anasomeka mlevi. Mikono ikauke kabisa, au tumia sabuni na maji.

Makambako au Njombe alfajiri ya Juni, kifaa kilicholala kwenye gari kinaweza kukataa kuwaka au kusoma chini ya ukweli. Kilaze ndani ya ofisi. Betri ziwe mpya au za kuchaji zilizojaa. Betri dhaifu hukivuruga kifaa kabla hata haijakizima.

Upimaji wenyewe uende hivi:

1. Mpimaji, ambaye naye hajanywa, apulize wa kwanza mbele ya wote. Kifaa kisome 0.00. Kisiposoma hivyo, kiweke pembeni na utumie cha pili.

2. Muulize dereva: katika dakika 15 zilizopita umekula, umekunywa chochote, umevuta sigara, umetumia dawa ya kusukutua, dawa ya kikohozi au peremende? Kama ndiyo, asubiri dakika 15 bila kuweka kitu mdomoni. Mabaki ya pombe mdomoni hupandisha namba isivyo halali, na robo saa inatosha kuyaondoa. Togwa au embe lililoiva kupita kiasi navyo huacha chembe; navyo hupita kwa muda huohuo.

3. Zungumza naye kidogo. Salamu inatosha: “Shikamoo mzee, umeamkaje, karibu upulize.” Mazungumzo hayo yana kazi mbili. Unasikia ulimi wake na unanusa pumzi yake, na unamzuia asihemehemee haraka. Anayehema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kupuliza hushusha kipimo chake. Aliyebana pumzi hukipandisha.

4. Fungua mrija mpya mbele yake, uuchomeke wewe, ukishike kifaa wewe. Avute pumzi ya kawaida na apulize kwa mkupuo mmoja, taratibu na bila kukata, mpaka mlio uishe. Kwa kawaida ni sekunde nne hadi sita. Kinachotafutwa ni hewa ya chini ya mapafu, ndiyo maana pumzi fupi haisomi chochote. Anayepuliza kwa mashavu, anayeziba mrija kwa ulimi au anayevuta ndani badala ya kutoa, mwambie arudie. Mara tatu bila kufanikiwa, na si mgonjwa wa pumu, andika “amekataa kipimo” na umchukulie kama aliyefeli.

5. Muonyeshe namba kwanza yeye, halafu uiandike akiwa anatazama. Saa iandikwe kamili, si “alfajiri”.

Pima kila mtu. Mwenye gari akija kuendesha mwenyewe, apulize. Mzee anayejulikana kwamba hajawahi kuonja, apulize. Dereva wa pili wa basi na utingo ambaye kila mtu anajua kwamba hupewa usukani dereva akichoka, wapulize. Deiwaka, yaani dereva wa kibarua, aliyeitwa kwa simu saa 9 usiku kuziba pengo, huyo hasa, kwa sababu hakujua kwamba angefanya kazi na hakuwa na sababu ya kutokunywa.

Sarafu mdomoni, vitunguu, bigijii, mafuta ya kupikia, mkaa: vyote vitajaribiwa na hakuna kinachobadilisha hewa ya mapafu. Hila inayofanya kazi ni moja tu, ya kumtuma mwenzake apulize kwa jina lake. Dawa yake ni leseni mkononi mwa mpimaji.

Namba ikitokea

Hapa ndipo yadi nyingi huharibu. Msimamizi anapiga kelele, wenzake wanacheka, dereva anakana, na mwisho gari linaondoka naye kwa sababu abiria wanalalamika.

Ukiona chochote juu ya sifuri, usitangaze. Mwambie tu: “Kaka, kaa pembeni kidogo tutarudia.” Mpeleke asikoonekana, pamoja na shahidi mmoja ambaye si mpinzani wake kazini. Asile, asinywe, asivute. Baada ya dakika 15 kamili apulize tena kwa mrija mpya, ikiwezekana kwa kifaa cha pili. Soma jibu kwa kulinganisha namba mbili. Imeshuka mpaka sifuri: ilikuwa pombe ya mdomoni, anaendelea na safari, andika hivyo. Imebaki palepale au imepungua kidogo: iko damuni, mabaki ya jana. Imepanda: amekunywa muda si mrefu, na itaendelea kupanda, huyu usimwache peke yake.

Vifaa vyote vina kosa dogo la usahihi. Kwa hiyo tenganisha maamuzi mawili. Kumzuia asiendeshe leo: namba yoyote iliyothibitishwa mara mbili. Kumfungulia mashtaka ya nidhamu: weka kiwango kwenye sera yako, na 20 kwenye damu (0.02 kwa asilimia, takriban 0.09 kwa miligramu za lita ya pumzi) ni mahali pazuri pa kuanzia. Chini ya hapo ni onyo na zamu kubadilishwa, ili mtu asifukuzwe kazi kwa kosa la mashine.

Fomu iwe na tarehe, namba ya gari, jina na namba ya leseni, namba ya kifaa na tarehe ya kalibresheni yake ya mwisho, kipimo cha kwanza na saa, kipimo cha pili na saa, dalili ulizoziona (macho, ulimi, harufu, mwendo, andika ulichokiona, si “alikuwa amelewa”), maelezo ya dereva kwa maneno yake, na sahihi tatu: ya dereva, ya mpimaji na ya shahidi. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba amekataa.

Funguo zibaki kwako, pamoja na za pikipiki yake. Atafutiwe usafiri wa kwenda nyumbani. Usimruhusu alale ndani ya kabini ya gari lililoegeshwa barabarani funguo zikiwa naye: Kenya, kifungu cha 44 kinamgusa pia aliye na dhamana ya gari, si anayeendesha tu.

Kumfukuza hapohapo getini kutakugharimu. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, zinataka mfanyakazi apewe taarifa ya tuhuma na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inautaja ulevi kazini miongoni mwa makosa makubwa, lakini kifungu cha 41 kinataka asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake wa kumsindikiza. Msimamishe kazi kwa barua, endesha kikao, kisha amua. Na daftari la vipimo likae limefungiwa. Hizo ni taarifa binafsi za watu, zinalindwa na sheria za ulinzi wa taarifa za nchi zote mbili (Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022), na picha ya ukurasa mmoja kwenye kundi la WhatsApp la madereva inatosha kukupeleka pabaya.

Dereva anayenaswa mara ya pili au ya tatu kwa namba kubwa huku akionekana mzima kabisa huenda ana ugonjwa wa pombe. Mwili wake umezoea. Onyo halimponyi, hospitali ndiyo njia, na usukani usubiri.

Kukitunza kifaa

Kalibresheni ni kila miezi sita, au idadi ya vipimo iliyotajwa na mtengenezaji, chochote kitakachotangulia. Yadi inayopima watu 40 kila siku hufikisha vipimo 1,200 kwa mwezi, hivyo huenda idadi ikawahi kabla ya tarehe. Fundi hupuliza gesi yenye kiasi cha pombe kinachojulikana, au mvuke wa maji yenye pombe yaliyopashwa mpaka nyuzi 34, kisha hurekebisha usomaji. Dai cheti chenye namba ya kifaa, namba kilizosoma kabla ya kurekebishwa na baada yake. Ile ya “kabla” ndiyo inayokuambia vipimo vyako vya miezi iliyopita vilikuwa na ukweli kiasi gani.

Kuna wanaokijaribu kifaa kwa kusukutua konyagi na kupuliza ili waone kama “kinashika”. Kitashika, kitapanda mpaka juu kabisa, na sensa itashiba kiasi kwamba watu watakaofuata wanaweza kusomeka wamekunywa. Ukirudia mchezo huo, unaiua.

Kwa nini ratiba isijulikane

Uingereza ilipoanza kupima pumzi Oktoba 1967, vifo vya barabarani vilishuka sana mwaka wa kwanza. Madereva waliamini watasimamishwa. Baada ya muda wakagundua kwamba uwezekano wa kupimwa ni mdogo, na tabia ikarudi taratibu, ingawa sheria haikubadilika hata neno. Jimbo la New South Wales, Australia, lilifanya kinyume: kuanzia Desemba 1982 polisi walisimamisha madereva bila kuhitaji kuwashuku, wakajiwekea lengo la kupima sawa na theluthi ya wenye leseni kila mwaka, na walifanya hivyo wakionekana wazi. Vifo vilishuka kwa takriban moja ya tano na havikurejea vilikokuwa. Adhabu kubwa inayomfikia mmoja kati ya elfu haimtishi mtu aliyekaa baa; kinachomtisha ni uhakika kwamba kesho atapuliza.

Yadini, kipimo cha kabla ya safari ndicho uhakika huo. Ongeza na cha ghafla: wanaporudi jioni, au kwenye kituo cha kula Msamvu au Singida, mara mbili au tatu kwa mwezi, kwa magari yaliyochaguliwa kwa kura mbele ya madereva wenyewe. Kura ni muhimu. Ukichagua kwa macho, baada ya wiki mbili utaambiwa unamwandama fulani, na huenda ikawa kweli.

Malori ya masafa marefu yana shida yao. Foleni ya Tunduma inaweza kumkalisha mtu siku kadhaa bila kazi, na baa ziko mita chache kutoka kwenye gari. Kama una wakala mpakani, mpe kifaa na fomu, na dereva asipewe karatasi za forodha kabla ya kupuliza. Kama huna, kifaa chenye kumbukumbu ya saa kipande na lori, na dereva apulize kwa simu ya video kabla ya kuondoka. Si kinga kamili, lakini ni bora kuliko kumpigia na kumuuliza.

Kifaa hakioni mirungi, bangi, dawa za usingizi wala uchovu. Mtu anayesoma 0.00 lakini macho yanafumba asipewe funguo vilevile.

Baada ya ajali

Majeruhi kwanza, polisi, kisha kipimo. Ikiwa dereva wako anaweza kupuliza na polisi hawajafika, pima na uandike saa. Kila saa inayopita inafuta takriban miligramu 15, na baada ya saa tano au sita hata aliyekuwa amelewa vizuri anaweza kusomeka safi. Usimpe soda yenye konyagi “kutuliza mshtuko”. Hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, na huharibu kipimo kwa pande zote mbili. Akipelekwa hospitali kwa PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), waombe polisi waagize damu ichukuliwe mapema, ngozi isafishwe kwa dawa isiyo na pombe, na saa ya kuchukuliwa iandikwe kwenye kichupa. Fomu yako ya alfajiri, yenye 0.00 na sahihi tatu, itakuwa karatasi ya kwanza ambayo kampuni ya bima itaiomba, kwa kuwa mikataba mingi ya bima ya magari haimlipi dereva aliyekuwa na pombe.